UZI: Kodi ya nyumba Lamu inapandishwa na habari za bandari, mfuko wa mpangaji uko pale pale

Mwalimu wa Mokowe

Assalam aleikum wanajukwaa. Wasiokuwa Waislamu nawaamkia pia, hamjambo.

Nimefungua uzi huu kwa sababu jambo hili tunalizungumza kwa minong'ono, kwenye baraza, kwenye boti, msikitini baada ya isha, kisha kila mtu anarudi kwake kulipa alichoambiwa. Kuanzia Mokowe hadi Hindi huku bara, Langoni hadi Shela kule kisiwani, kodi inapanda, na ukiuliza sababu unajibiwa kwa neno moja: bandari.

Basi tuanze na bandari yenyewe. Tarehe 2 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walikuja hapa Lamu kuzindua LAPSSET, mradi wa kuziunganisha nchi hizo tatu: bandari ya magati 32, barabara, reli, na bomba la mafuta. Gati la kwanza likafunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Kati ya siku hizo mbili ipo miaka tisa, na muda wote huo kodi ilikuwa ikipanda kwa ajili ya meli ambazo hazijatia nanga. Magati ya mwanzo ni matatu. Reli hatujaiona. Bomba hatujaliona. Lakini kodi inahesabiwa kana kwamba kila kilichochorwa kwenye ramani kimeshasimama.

Siipingi bandari. Wapo vijana niliowafundisha ambao wamepata riziki huko, na lami ya kutoka Garsen imetuondolea kulala njiani kwenye tope wakati wa masika. Ninachopinga ni kumpangia kodi mtu anayekaa kwa kumtazama mtu anayepita.

Mambo huenda hivi. Mhandisi wa mwanakandarasi analipiwa nyumba na kampuni. Hatoi shilingi mfukoni mwake, kwa hivyo hana haja ya kubishana bei. Dalali anampeleka kwenye nyumba ya vyumba viwili, anataja bei maradufu, kampuni inalipa miezi sita kwa mpigo. Jioni ile ile habari imeenea ploti nzima. Mwisho wa mwezi, muuza samaki, kibarua wa mjengo na mwalimu wa chekechea, ambao hakuna hata mmoja anayelipwa na bandari, wanaambiwa hiyo ndiyo bei ya soko. Soko gani? Ni mteja mmoja, tena wa muda.

Tangu ugatuzi wa 2013 Mokowe imepokea pia ofisi za kaunti na watumishi wake. Hao angalau wapo wa kudumu, na wengi wao nao wanalia.

Wiki iliyopita jirani yangu aliniletea karatasi nimsomee. Robo ya ukurasa wa daftari, imepitishwa chini ya mlango, imeandikwa kwa kalamu ya wino mwekundu: "Mwezi ujao kodi ni 7,000. Asiyeweza aache funguo dukani." Haina tarehe, haina sahihi, haina jina la anayeandikiwa. Alikuwa akilipa 4,000. Chumba chenyewe ni futi kumi kwa kumi, mabati bila dari, choo kimoja kwa vyumba vyote, maji ya kununua kwa mtungi, na mita moja ya stima ambayo tokeni yake huchangwa. Mwenye friji na mwenye balbu moja wanachanga sawa. Hakuna kilichoongezwa katika chumba kile, hata kitasa kilichovunjika hakijabadilishwa. Kilichoongezeka ni habari za bandari.

Sasa wenzangu, sheria inasemaje? Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema kwamba upangaji usiotajiwa mwisho wake huhesabiwa kwa kipindi cha malipo. Ukilipa kwa mwezi, basi notisi ya kuuvunja isipungue mwezi mmoja. Ipo pia Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, yenye baraza lake la kusikiliza wapangaji, lakini hiyo inahusu nyumba ambazo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Chumba cha bei hiyo Mokowe leo utakitafuta kwa tochi. Maana yake watu wetu wengi wako nje ya kivuli cha sheria ile, na kinga iliyobaki ni mkataba ulioandikwa. Nani kati yetu ana mkataba? Inueni mikono.

Naomba michango. Wapangaji, wenye nyumba, mafundi, madalali, wote. Bila matusi.

Binti Gardeni

Waaleikum salaam mwalimu. Mimi nalia na kibanda. Nauza mahamri na viazi karai, chumba cha kulala nimepanga kwingine. Mwenye kibanda amenipigia simu juzi, ananiambia kuanzia Jumatatu bei ni nyingine, na nikikataa yuko mtu wa vifaa vya simu anayekitaka. Sina karatasi yoyote, tulipatana kwa mdomo. Hapo nimekwisha au vipi?

Mwalimu wa Mokowe

Binti yangu, hujakwisha, na kwa kweli wewe una kinga kubwa kuliko jirani yangu. Upangaji wa maduka, hoteli na nyumba za chakula una sheria yake, Sura ya 301. Upangaji wa biashara usioandikwa unalindwa na sheria hiyo, na ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano pia unalindwa. Mwenye kibanda akitaka kupandisha kodi au kukutoa ni lazima akupe notisi kwa maandishi, kwa fomu iliyowekwa na sheria, tena miezi miwili kabla. Simu si notisi. Ukiipata hiyo notisi na huikubali, unamjibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja, na kabla siku ya notisi haijafika unapeleka shauri kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara. Shauri likiwa huko, unaendelea kulipa kodi ile ile ya zamani.

Muhimu: usiache kulipa. Lipa kwa M-Pesa, usilipe mkononi, na ujumbe usiufute. Ukidaiwa umejiharibia.

Ploti za Hindi

Mwalimu, kwa heshima yako, umetusema sana wenye nyumba kana kwamba sisi ni majambazi. Mimi nina ploti Hindi na nitazungumza bila kuficha.

Mnahesabu kodi tu, hamhesabu ujenzi. Saruji inatoka mbali. Mawe tunanunua. Mwenzangu aliyejenga upande wa kisiwani yeye ndiye wa kuhurumiwa zaidi: mawe yachongwe Maweni kule Manda, yapakiwe mashuani, yashushwe gatini, kisha punda ayabebe machache machache mpaka kiwanjani, kwa sababu gari haingii. Kila mkono unaopitia mzigo unalipwa. Ukimaliza, mkopo wa benki unaanza kudai hata kabla hujapata mpangaji. Juu yake ipo ushuru wa kodi za nyumba, asilimia 7.5 ya kodi yote unayokusanya, si ya faida, kwa anayepata kuanzia shilingi 288,000 hadi milioni 15 kwa mwaka. Choo kikijaa, ni mimi. Bati likipeperuka, ni mimi.

Na kuhusu wanakandarasi, nyinyi mnaona waliokuja, hamwoni walivyoondoka. Kampuni moja ilikodi ploti yangu yote kwa ajili ya wafanyakazi wake. Nikaongeza vyumba, nikaweka vyoo vya ndani, nikachimba tangi. Kazi yao ilipokwisha walirudisha funguo kwenye bahasha moja, siku moja. Vyumba vilikaa vitupu miezi mingi, popo wakaingia. Mpangaji wa kawaida akija anauliza bei, anageuka. Sasa niambie, ningeweka bei gani?

Mgeni wa Bara

Naomba niseme kidogo. Mimi si mwenyeji, nilikuja kwa kazi ya umeme na mkataba wangu ni wa miezi. Silipiwi nyumba na mtu. Nikifika mlangoni na lafudhi yangu bei inapanda kabla sijaketi. Chumba alichokuwa nacho kijana wa hapa kwa 3,500 mimi nimepewa kwa 6,000, na yeye akatolewa. Halafu mtaani naangaliwa kama mimi ndiye niliyemtoa. Sikumtoa. Sikujua hata alikuwepo mpaka mama wa pale uani aliponiambia.

Mwalimu wa Mokowe

Karibu Lamu ndugu yangu, na pole. Ulivyosema ndivyo. Mpangaji mgeni na mpangaji mwenyeji wanagombanishwa, na wote wawili wananyonywa kwa mrija mmoja.

Ploti za Hindi, sikukuita jambazi na sitakuita. Nimesoma ulichoandika, tena kwa makini, na nadhani umeeleza kesi yangu vizuri kuliko mimi. Uliongeza vyumba kwa kipimo cha kampuni, kampuni ikaondoka, vikabaki. Ukichukua miezi ile ya bei kubwa ukaichanganya na miezi ya popo, kwa mwezi ulipata kiasi gani? Nauliza kwa nia njema. Kama kibarua wa Hindi angekaa miaka mitatu kwa bei anayoiweza, je, hungekuwa mbele kuliko hapo?

Ploti za Hindi

Nimekaa na mke wangu na daftari la mapato. Swali lako ni zito. Acha nilifanyie kazi kwanza.

Fundi wa Boriti

Mnazungumza bara tu, njooni Mkomani, mji wa kale wa kisiwani, muone.

Mimi nakarabati nyumba za mawe, kazi ya babu zangu. Mji wa kale ulitangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1986, na UNESCO wakauingiza katika urithi wa dunia 2001. Kwa hivyo mwenye nyumba hawezi kuamka tu akabomoa akapandisha ghorofa za zege, na hilo nalitetea kwa moyo wote. Lakini kodi inapopanda na nyumba haiwezi kukua nje, inakatwa ndani.

Wiki hii nimeingia nyumba moja, nafasi tatu ndefu kama zilivyo nyumba zetu, msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani. Kila moja imegawanywa kwa mbao nyembamba za plaiwudi mpaka familia nne zinaishi ndani. Misumari imepigwa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na plasta ya chokaa iliyochorwa kwa kisu miaka mingi kabla hatujazaliwa, imepasuka kama yai. Juu wameongeza bafu na pipa la maji. Nyumba hizi upana wa chumba hufuata urefu wa boriti ya mkoko, hauzidi kama mita tatu, na juu ya boriti kuna kokoto za matumbawe na chokaa, uzito mkubwa tayari. Ukiongeza pipa la maji lililojaa, boriti inaanza kupinda. Nimeweka mkono kwenye dari, imelowa. Maji ya bafu yanateremkia ndani ya ukuta, na ukuta umepigwa saruji badala ya chokaa. Chokaa huruhusu unyevu kutoka, saruji huufungia ndani. Chini ya boriti ile kuna kitanda cha mtoto.

Nimemwambia mwenye nyumba ahamishe pipa kwanza, mengine baadaye. Amenijibu kwamba vyumba vile ndivyo vinavyosomesha watoto wake. Naye simlaumu peke yake. Lakini bei ya kila kipande cha plaiwudi pale inatosha chumba kizuri cha mawe miaka ya nyuma.

Tena boriti zenyewe si rahisi kama zamani. Marufuku ya kukata miti ya 2018 ilitugusa hata sisi wa mikoko.

Bi Mkubwa wa Langoni

Wanangu, nimesomewa haya na mjukuu wangu, naye ndiye anayeniandikia.

Nyinyi mwaona bandari ndiyo mwanzo. Sisi tumeyaona haya kabla. Tangu miaka ya sabini wageni wa Ulaya walianza kuzipenda nyumba za Mkomani, kisha Shela. Mtu akija na fedha zake akataja bei, warithi sita waliokuwa hawaelewani wakaelewana siku moja. Nyumba ikauzwa, fedha zikagawanywa sehemu sita, kila mmoja akapata kitu kisichojenga hata banda. Yeo wajukuu wa nyumba zile wamepanga mitaa ya pembeni, Kandahari na Wiyoni, nao wapita mbele ya mlango wa babu yao kwenda kazini, na ndani mna mgeni wa wiki moja aliyelipa kwa mtandao wa Airbnb. Wengine kazi yao ni kufua mashuka ya nyumba ile ile.

Sisemi mtu asiuze chake. Nasema kabla ya kuuza, wazee walikuwa na wakfu. Nyumba ukiiweka wakfu wa kizazi haiuziki, wala hairithiwi vipande vipande, wanao na wana wa wanao wapata pa kulala. Nendeni kwa kadhi muulize kabla hamjamwita dalali.

Na jengine. Mai ya mui huu yatoka chini ya matuta ya mchanga ya Shela. Kila tamaa ya nyumba ikisogea kule juu ya matuta, tutakuja kuwa na nyumba za bei ghali zisizo na mai ya kunywa. Mwalimu, liandike hilo.

Mwalimu wa Mokowe

Shikamoo mama. Limeandikwa, na nakushukuru kwa kutuketisha.

Mwana Mtwara

Habari zenu ndugu zetu wa Lamu. Huku kwetu Mtwara, Tanzania, tumeshapita mnapopita nyinyi, naona niwaeleze ilivyokuwa, labda itasaidia.

Gesi ilipovuma, mji ulijaa wageni wa makampuni ya utafutaji. Shangani nyumba zikaanza kutajwa kwa dola. Mwenye nyumba aliyekuwa akipokea kodi ya miezi sita kwa shilingi akataka ya mwaka mzima, kwa dola, mbele. Watumishi wa kawaida wakahamia pembeni ya mji, wengine Mikindani, wakawa wanatoka alfajiri kuja kazini. Watu wakakopa benki wakajenga gesti, kila mtaa gesti. Mei 2013 palitokea vurugu kubwa kupinga gesi kusafirishwa kwa bomba kwenda Dar es Salaam, kwa sababu wananchi waliamini viwanda vitajengwa huku na maisha yatabadilika. Bomba likakamilika 2015. Katikati ya hapo, kuanzia 2014, bei ya mafuta duniani ilianguka na makampuni yakapunguza utafutaji. Wageni wakapungua mtaa kwa mtaa.

Kilichonifundisha ni hiki: kodi ilipanda haraka ila ilishuka polepole sana. Nyumba zilikaa wazi mwaka mzima huku mwenye nyumba akikataa kupunguza, akingoja gesi irudi, na mpangaji wa mji huo huo hana pa kukaa. Kiwanda cha saruji cha Dangote kilipofunguliwa 2015 matumaini yakaamka tena, bei zikashikiliwa tena. Nyumba tupu na watu wasio na nyumba, ndani ya mji mmoja. Mimi mwenyewe nilikuwa nikilipa kodi mbali wakati nyuma ya ofisi yetu palikuwa na nyumba tatu zimefungwa kufuli, majani yamefika madirishani.

Ndugu yangu wa Hindi, usingoje.

Nahodha wa Kipungani

Mmewasahau wavuvi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilisema wavuvi 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya madhara ya bandari. Ukigawanya sawa kwa sawa ni kama elfu 380 na kitu kwa kila mmoja. Habari ilipotoka tu, kabla hatujaona hata senti, dalali mmoja alikuja kwetu akasema, "Nyinyi sasa ni watu wa fidia," na kodi za vijana wetu waliopanga Mokowe zikapandishwa. Miaka ikapita tunangoja. Kodi haikungoja.

Halafu kuna suala la misimu. Mvuvi hapati sawa mwaka mzima. Kaskazi bahari imetulia, tunapata. Kusi inapovuma tunafunga vyombo, siku nyingine hatutoki kabisa. Lakini mwenye nyumba anataka kiasi kile kile kila tarehe tano. Hapo ndipo vijana wanapofungiwa milango. Kwa nini kodi isifuate bahari?

Mpangaji wa Mpeketoni

Huku kwetu nakumbuka 2014 baada ya shambulio la kigaidi la Juni. Watu walikimbia, kafyu ikawekwa, ploti zikawa tupu. Wenye nyumba walitupigia simu wenyewe wakituomba turudi kwa nusu ya kodi. Leo hao hao wanatuambia tupishe. Watu tuliorudi wakati ule tungetarajia tuhesabiwe.

Mwalimu wa Mokowe

Nahodha, hoja yako ya misimu sijaisikia ikisemwa hadharani hata siku moja, na ni ya maana kuliko yote niliyoleta mimi. Nimekaa nayo usiku.

Chukua kodi ya 5,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 60,000. Mwenye nyumba anachohitaji ni ile 60,000 ifike, si lazima ifike kwa vipande sawa. Novemba hadi Machi, miezi mitano ya kaskazi, mvuvi alipe 6,400. Hiyo ni 32,000. Miezi saba iliyobaki alipe 4,000. Hiyo ni 28,000. Jumla ni 60,000, hakuna aliyepunjwa, na hakuna anayefungiwa mlango mwezi wa Julai. Hata Binti Gardeni, ambaye biashara yake huchangamka wakati wa Maulidi na ikapoa baadaye, angeweza kupatana hivyo.

Mpangaji wa Mpeketoni umegusa jambo ambalo wenye nyumba wanalisahau upesi. Mji huu umeshapigwa mara nyingi: 2014 watalii waliondoka, 2020 korona ikafunga hoteli. Kila mara waliobaki kulipa ni wenyeji. Mtu aliyekulipa kidogo wakati wa shida amekufaa kuliko aliyekulipa sana miezi minne.

Na wenzangu tunaolipa, tusijitoe. Wapo kati yetu wanaohama usiku na deni la watu. Wapo wanaogeuza chumba kuwa cha watu wanane bila kumwambia mwenyewe. Mwenye nyumba aliyefanyiwa hivyo mara mbili hawezi kukuamini wewe wa tatu, na dipoziti ya miezi mitatu inatokea hapo.

Serikali nayo ina deni kwetu. Tunakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho, tangu sheria ya 2024. Hizo nyumba zikijengwa Lamu tunataka kujua mapema zitajengwa wapi, maji yatatoka wapi, na kibarua asiye na hati ya mshahara ataombaje. Katiba, kifungu cha 43, inataja makazi yanayofaa kama haki ya kila mtu. Swali hilo tulipeleke kwa wawakilishi wa wadi kwa maandishi, na liwe na sahihi zetu.

Ploti za Hindi

Mwalimu, nimemaliza hesabu. Nilichukua miaka mitatu. Miezi ya kampuni ilikuwa mitamu kweli, sitadanganya. Lakini ukiweka na miezi mitupu, riba ya mkopo, na kupaka rangi upya baada ya popo, kwa chumba kimoja nimepata chini ya 4,500 kwa mwezi. Nilikuwa nakataa watu wa 5,000 mlangoni.

Bado nasema bei ya mali yangu naipanga mimi, sitaki mtu anipangie. Ila kuanzia mwezi ujao vyumba vya mbele nitavitoa kwa 5,000 kwa mtu atakayeweka sahihi ya miaka miwili, bila kupandishwa katikati. Vya nyuma vyenye vyoo vya ndani nitaviacha kwa wageni wa kazi. Na kila chumba nakiwekea mita yake ya tokeni, maana zile fitina za friji nazijua.

Nina maswali. Mkataba tuandike kwa wakili? Na huo wa misimu aliousema nahodha, maneno yake yakaeje, mtu asije akalipa bei ya kusi mwaka mzima?

Mgeni wa Bara

Mimi natafuta cha nyuma, mwenye ploti. Nipe bei ya mwenyeji nitakaa mpaka mkataba wangu wa kazi uishe, na nitaandika tarehe ya kuondoka.

Ploti za Hindi

Njoo tuonane. Lete barua ya kazi.

Mwalimu wa Mokowe

Mwenye ploti, Mungu akuzidishie. Wakili ni vizuri kama unamweza, lakini kwa upangaji mfupi wa vyumba hivi mnaweza kuanza wenyewe. Nakala mbili, sahihi zenu wote wawili kila ukurasa, namba za vitambulisho, na mashahidi wawili. Mzee wa mtaa akiwepo ni bora.

Andikeni chumba ni kipi, kodi ni kiasi gani na hulipwa kwa njia gani, dipoziti ni ya nini na hurudishwa lini. Andikeni hali ya chumba siku ya kuingia, pamoja na vitasa, madirisha, mabati na balbu, na mpige picha. Andikeni nani anatengeneza nini. Kodi isiguswe kabla ya miaka miwili, na baada ya hapo notisi ya kubadilisha iwe ya miezi miwili kwa maandishi, yenye tarehe na sahihi. Mpangaji naye akitaka kuondoka atoe notisi ya mwezi. Mlango usifungwe kwa kufuli na mtu yeyote kwa sababu ya deni. Deni lipelekwe kwa mzee wa mtaa kwanza, likishindikana lifuate sheria.

Kuhusu misimu, andika hivi: "Kodi ya mwaka ni shilingi 60,000. Kuanzia Novemba hadi Machi mpangaji atalipa shilingi 6,400 kila mwezi, na kuanzia Aprili hadi Oktoba shilingi 4,000 kila mwezi. Mpangaji akiondoka kabla mwaka haujaisha, kodi ya muda aliokaa itahesabiwa kwa shilingi 5,000 kwa mwezi, na tofauti italipwa au kurudishwa siku ya kukabidhi funguo." Hapo hakuna wa kukaa kusi akakimbia kaskazi, wala wa kulipa kaskazi akafukuzwa kabla ya kusi.

Nahodha wa Kipungani

Na mwaka uanzie mwezi wa ngapi? Mwanangu anataka kuingia sasa, na kusi bado haijaisha.

Mwalimu wa Mokowe

Uanzie siku anapoingia, nahodha. Ataanza na 4,000 mpaka Oktoba, na ile sentensi ya 5,000 inamlinda mwenye ploti. Nimechapisha nakala kadhaa za mkataba. Anayetaka anikute gatini Mokowe Ijumaa baada ya swala, aje na kitambulisho. Binti Gardeni, wewe uje na simu yenye ujumbe wa M-Pesa za kibanda, barua yako tutaiandika hapo hapo.